Video Peke Yake Haimfundi Mwari: Tunachojifunza Kutoka Kibondo na Kasulu



Sisi tunaoshona nguo za maharusi tunasikia mengi. Biharusi akija kupimwa hakai dakika tano, na mazungumzo hayaishii kwenye shela na urefu wa gauni. Miaka hii kuna jibu moja tunalolisikia kila wiki: "Nimeshaangalia video." Ukimuuliza nani anamfunda, video. Ataingiaje kwa wakwe siku ya kwanza, video. Mume akikasirika atazungumza naye vipi, video pia. Simu imekuwa somo, imekuwa kungwi, imekuwa shangazi.

Wako wanaosema hii ni balaa, wasichana wanyang'anywe simu. Wako wanaosema makungwi wamepitwa na wakati, waachwe wapumzike. Sisi tunaona wote wamekosa njia. Video inaweza kufundisha namna ya kuishi na watu, na mara nyingine inafundisha vizuri kuliko maneno matupu. Lakini mwari asiachwe nayo peke yake. Awepo mtu mzima wa kuisimamisha, kumuuliza ameona nini, na kumfanyisha mazoezi mpaka aweze. Mfano wetu tunautoa Kibondo na Kasulu, huko juu mkoani Kigoma, ambako jambo hili lilifanywa kwa watu wengi na katika shida kubwa.

Kuonesha ni katika mafunzo ya dini yetu

Kabla ya kufika Kigoma, tuanze nyumbani kwetu, yaani kwenye dini. Kuna dada wanaodhani kufundisha kwa kuonesha ni mambo ya kisasa. Sivyo. Imepokewa katika hadithi sahihi kwamba Mtume (s.a.w.) aliwahi kusali akiwa juu ya mimbari, akashuka kusujudu chini kisha akarudi juu, na baadaye akawaeleza watu kuwa amefanya hivyo ili wamuone na wajifunze sala yake. Sayyidna Uthman bin Affan (r.a.) aliagiza maji, akatawadha mbele ya watu kiungo baada ya kiungo, ili waone udhu wa Mtume ulivyokuwa. Angeweza kuwaelezea kwa mdomo, lakini aliwaonesha.

Na kuna hadithi ya tatu ambayo kwa maoni yetu ndiyo inayobeba mada hii. Mtu mmoja aliingia msikitini akasali harakaharaka. Mtume (s.a.w.) akamwambia arudi akasali tena kwa kuwa hajasali. Akarudi, akakosea vilevile. Ikawa mara tatu, mpaka yule bwana akakiri kuwa hajui zaidi ya hivyo, akaomba afundishwe, ndipo akafundishwa kwa utulivu. Tuangalie mpango wake: mtu anafanya, anaangaliwa, anarudishwa, anaelekezwa. Simu haiwezi kukurudisha. Haikuoni. Ukiinama vibaya mbele ya mkweo, video inaendelea tu kucheza.

Skrini kubwa kwenye kambi za Kigoma

Vita vya Burundi vya mwaka 1993 na vya Congo mwaka 1996 viliwaleta maelfu kwa maelfu ya watu mkoani Kigoma. Kasulu kulikuwa na kambi za Nyarugusu, Mtabila na Muyovosi. Kibondo kulikuwa na Nduta, Kanembwa, Mtendeli na nyinginezo. Watu waliotoka vijiji mbalimbali, wengine wakiwa na chuki kati yao, walijikuta wanapanga foleni moja ya maji na kupokea mgao mmoja wa unga.

Hali ya wanawake ilikuwa mbaya. Mwaka 2000 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti nzima kuhusu ukatili wa kingono na wa majumbani katika kambi za wakimbizi Tanzania, hasa kwa wanawake wa Kirundi. Wanawake walikuwa wakivamiwa wanapokwenda kutafuta kuni, na wengine wakipigwa na waume zao ndani ya vibanda. Wengi hawakujua waseme nini, wamwambie nani, wala waanzie wapi. Tunataka dada zetu walione hili: kujua kusema ni elimu. Kukataa kwa heshima, kuomba msaada bila kujisikia mwenye hatia, kumsikiliza jirani anayelia bila kumhukumu, yote hayo mtu hufundishwa.

Katika miaka hiyo ya 2000 shirika la FilmAid lilifanya kazi katika kambi za Kibondo na Kasulu. Shirika hili lilianzishwa mwaka 1999 na mtayarishaji filamu wa Marekani, Caroline Baron, likaanza na wakimbizi wa Kosovo waliokuwa Macedonia, kisha likaja Afrika Mashariki, kwanza Kakuma, Kenya. Jioni ilisimamishwa skrini kubwa uwanjani na watu wakakaa chini kutazama, watoto mbele na wakubwa nyuma. Hapo palikuwa pa kuburudika na kujifunza kwa pamoja.

Lakini kilichotuvutia sisi ni kazi ya mchana. Mchana kilikaa kikundi kidogo kikatazama filamu yenye jambo moja maalumu: ugomvi wa mume na mke, ukimwi, namna ya kumpokea aliyefanyiwa ukatili, namna ya kusuluhisha. Filamu ikiisha, hawatawanyiki. Mwezeshaji, mara nyingi mkimbizi mwenzao anayejua lugha na desturi zao, anaanza kuuliza. Yule mke angeweza kusema nini? Jirani aliyefunga mlango alifanya sawa? Ingekuwa wewe ungefanyaje? Hapo ndipo watu huanza kuzungumza mambo ambayo wasingeyasema kama wangeulizwa moja kwa moja, kwa kuwa sasa hawasemi habari za nyumba zao, wanasema habari za yule wa kwenye filamu.

Hiyo ndiyo faida kubwa ya video, na makungwi wetu wanaweza kuitumia leo hii. Mwari mwenye haya hatakuuliza, "Nikifokewa na mavyaa nifanyeje?" Lakini muoneshe mkamwana mwingine anafokewa, umuulize yule afanyeje. Utashangaa atakavyoongea.

Jicho huiga zuri na baya

Kuna jambo la kuogopa pia. Mwaka 1963 mtaalamu wa saikolojia Albert Bandura na wenzake, huko Marekani, walichapisha matokeo ya majaribio yao. Watoto wadogo walioneshwa filamu ya mtu mzima akimpiga mwanasesere. Baadaye watoto hao walipoachiwa mwanasesere kama huyo, walimpiga vilevile, karibu sawa na wale waliomuona mtu huyo ana kwa ana. Jicho halichagui. Linachukua lililowekwa mbele yake.

Sasa tujiulize, mbele ya macho ya mabinti zetu kumewekwa nini? Klipu nyingi za mavyaa na mkamwana ni za kuchekesha. Mkamwana anatoa kijembe, mavyaa anajibu kwa kijembe kikubwa zaidi, wifi anaingia na khanga kiunoni, watu wanacheka, wanatumiana. Binti akitazama vya namna hiyo kila usiku kwa miaka mitatu, anaingia kwenye ndoa akiwa na majibu makali mia moja mdomoni na hana hata sentensi moja ya kutuliza ugomvi. Hajui kusema, "Mama, naomba nieleweshe nilipokosea." Hajui kumwambia mume, "Hili limeniumiza, naomba tukae tuzungumze." Si kwamba ana tabia mbaya. Hajaoneshwa.

Upande wa pili wapo wanaoonesha mke asiyesema kitu kabisa. Anatukanwa anatabasamu, anapigwa anapika. Hiyo nayo ni sumu, hata ikiwekewa qaswida nyuma yake. Subira katika dini yetu haina maana ya kunyamazia dhulma.

Nguvu ya kutazama pamoja

Rwanda, jirani zake Tanzania, inatupa mfano mwingine, ingawa wao walitumia redio. Mwaka 2004 ulianza mchezo wa redio unaoitwa Musekeweya, unaohusu vijiji viwili vinavyogombana na kupatana. Mtafiti Elizabeth Levy Paluck alifuatilia vikundi vilivyokuwa vikiusikiliza pamoja, akavilinganisha na vikundi vilivyosikiliza mchezo mwingine wa mambo ya afya, na mwaka 2009 akachapisha alichokiona. Imani za watu moyoni hazikubadilika sana. Kilichobadilika ni jinsi walivyoona jambo gani ni la kawaida na linalokubalika, na jinsi walivyotendeana. Mwisho wa utafiti vikundi vilipewa redio na kaseti za mchezo wavitunze kwa pamoja. Waliosikiliza Musekeweya walijadiliana zaidi juu ya namna ya kugawana na kushirikiana, badala ya kumuachia kiongozi mmoja aamue.

Tunaelewa hivi: adabu ni jambo la watu pamoja. Binti akijifunza adabu peke yake chumbani na simu, hata kama klipu ni nzuri, hajui kama wenziwe nao wanaiona ndiyo desturi. Akitazama pamoja na mama yake, shangazi, dada na rafiki zake, anasikia wanachokikubali na wanachokikataa. Anatoka akijua kuwa akisema vile, nyuma yake kuna watu.

Nani anachagua cha kutazamwa

Filamu za kufundishia si ngeni Tanzania. Kati ya mwaka 1935 na 1937, wakati wa Waingereza, kulikuwa na mradi wa kutengeneza filamu za mafunzo huko Vugiri, milima ya Usambara. Walitengeneza filamu 35, sauti zikawekwa kwenye sahani za santuri kwa lugha mbalimbali, na lori likazunguka kuzionesha Tanganyika, Kenya, Uganda na kwingineko. Waliokuwa wakiamua watu wafundishwe nini ni wakubwa wa mradi, Wazungu, na mtazamaji akachukuliwa kama mtu asiyejua kitu. Kwa FilmAid, wakimbizi wenyewe walishirikishwa katika kuchagua na kuendesha maonesho. Tofauti hiyo ni kubwa.

Leo anayemchagulia binti yako ni nani? Ni simu yenyewe. Akitazama ugomvi mmoja inamletea kumi. Haijui kama anaolewa Mkunazini au Wete, kwa watu wapole au wenye maneno, mke wa kwanza au wa pili. Kungwi anajua. Mama anajua. Ndiyo maana tunasema uchaguzi ubaki mikononi mwao.

Na tusisahau kwamba mabinti wa visiwani wanaolewa mbali. Sisi biashara ya vitenge inatukutanisha na wanawake wa Kasulu, na tunajua familia zenye mkwe Unguja na mkwe Kigoma. Salamu ya Waha haina haraka. Asubuhi ni "Mwakeye", na mkono nao unasema: viganja hupigwa taratibu, mwili unainama mbele ya mkubwa. Binti wa kwetu aliyezoea "Shikamoo" na kuinamia mkono atasimama kama mti, si kwa kiburi, kwa kutojua. Naye binti wa Kasulu akija Unguja ataona ajabu kubishiwa hodi mara tatu na mtu asiyeingia mpaka akaribishwe.

Hapa video ni dawa nzuri. Waombeni mawifi wa huko, kabla ya harusi, warekodi dakika moja tu: bibi anaamkiwa hivi, chakula kinaandaliwa hivi, mgeni anasindikizwa mpaka hapa. Biharusi atazame, kisha asimame mbele ya shangazi yake afanye. Kwa maneno ya simu utazieleza salamu hizo mpaka ukauke koo. Kwa kuona, mara tatu zinatosha.

Sisi tunapendekeza hivi

Kwa mama, masomo na makungwi wanaotaka kutumia video, huu ndio utaratibu tunaouona unafaa.

Kwanza, chagueni kipande kifupi chenye jambo moja. Kumpokea mgeni ni jambo moja. Kumuomba mume radhi ni jambo lingine. Msichanganye.

Pili, kitazameni mara ya kwanza bila maneno. Mara ya pili, simamisheni pale penye uzito, kabla mtu hajajibu, na muulizeni mwari: sasa angesema nini?

Tatu, chagueni pia vipande ambavyo mtu anakosea kidogo kisha anajirekebisha. Video za wake waliokamilika kila kitu zinamtisha biharusi. Akiona mwenziwe ameteleza kisha ameomba radhi na maisha yameendelea, anapata moyo.

Nne, igizeni. Shangazi awe mavyaa, dada awe wifi, mwari awe mwari. Mtacheka, na kicheko hicho kina faida. Kwenye ushonaji tunajua vizuri: unaweza kutazama video ya kukata shingo ya gauni mara ishirini, lakini mpaka ushike mkasi na mwalimu awe pembeni akuambie "rudi nyuma kidogo", kitambaa kitaharibika. Mwari ashike mkasi mbele yenu, kabla hajaushika kwa wakwe.

Tano, lazima kiwepo kipande cha kukataa dhulma. Aoneshwe mke anayesema wazi kwamba amepigwa, anamwambia nani, na anakwenda wapi. Hapa Zanzibar yuko sheha, iko Mahakama ya Kadhi, liko dawati la jinsia la polisi, viko vituo vya Mkono kwa Mkono. Fanyeni naye mazoezi ya sentensi yenyewe, aitamke kwa sauti. Wanawake wa kule kambini walihitaji sentensi hiyo kuliko kitu kingine, na hakuna nyumba inayoweza kuapa kuwa binti yake hataihitaji.

Sita, mazoezi yenu msiyarekodi. Ya unyago na ya chumbani yabaki palepale yalipokuwa siku zote, kati ya kungwi na mwari, mlango umefungwa. Tunaona siku hizi vipande vya kufunda vinasambaa kwenye simu za watu, nyuso zinaonekana, siri za watu zinachekwa. Hiyo si elimu. Ni kumvunjia mwari heshima kabla hata hajaolewa, na sitara ya Muislamu ni amana. Video iingie kwenye mafunzo, mafunzo yasitoke kwenye video.

Kwa wanaosema kungwi ndiye tatizo

Tunajua kuna dada watatuandikia kwamba makungwi wengine wanafundisha kuvumilia tu, wamesahau haki za mke, na ndiyo maana mabinti wamekimbilia simu. Ni kweli, wapo. Na hilo linatupa sababu nyingine ya kuvikutanisha viwili hivi. Video nzuri ikiwekwa mezani inamsaidia hata kungwi. Jambo alilokuwa analionea haya kulisema, sasa limesemwa na mwingine, yeye analiendeleza. Na kungwi akisema jambo lisilo sawa, kuna mama na shangazi wamekaa pale, wamesikia, watauliza. Mwari aliye peke yake na simu hana wa kumuuliza. Mwari aliye peke yake na kungwi mmoja, naye vilevile.

Kwa hiyo, mama zetu, msitenge pesa za ukumbi, mapambo, picha na gauni tu. Tunasema haya na gauni ndiyo riziki yetu. Tengeni jioni tatu kabla ya harusi. Si nyingi. Simu moja, mkeka mmoja, chai ya tangawizi, na wanawake wanne au watano wenye akili na kheri. Gauni litavaliwa siku moja. Namna ya kumjibu mtu aliyekasirika ataihitaji kila wiki mpaka uzeeni.

Tunamuomba Allah (s.w.) awajaalie maharusi wetu ndoa za mapenzi na huruma, awape wakwe wema na ulimi mzuri, na awajaalie walezi wao subira ya kukaa nao. Aamiin.

Wabillahi tawfiq.